Swichi Mkononi mwa Mwalimu

Swali la kama uhuru unaotolewa na mwenye uwezo wa kuurudisha wakati wowote ni uhuru wa kweli au ni jina tu la uhuru limewashughulisha wanazuoni wa Kiislamu na wa Kikristo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kwa kawaida limejadiliwa kwa mifano ya mfalme na mtumwa, ya baba na mwana, au ya mfinyanzi na udongo wake. Upo mfano mwingine, mpya na wa kitoto kwa sura yake, unaolikaribia swali hilo kwa usahihi zaidi, nao ni namna mtoto anavyofundishwa kurusha ndege ndogo ya rimoti kwa kutumia rimoti mbili zilizounganishwa. Insha hii inaufuata mfano huo hadi pale unapofika na inauacha pale unapokwama, na inafanya hivyo kwa kuzitazama Ngara na Biharamulo, wilaya mbili za kusini mwa Mkoa wa Kagera, kwa sababu huko swali lenyewe halikuulizwa darasani peke yake.

Ndege ya namna hii, ambayo mabawa yake huwa na upana wa mita moja au moja na nusu hivi na mwili wake huchongwa kwa povu gumu jepesi kama lile linalokingia televisheni ndani ya boksi lake, haina rubani ndani. Ina kipokezi kidogo kinachopokea mawimbi ya redio kutoka kwa rimoti iliyo mkononi mwa mtu aliye chini, pamoja na vimota vinavyosogeza sehemu za mabawa na za mkia kulingana na jinsi mtu huyo anavyosukuma vijiti viwili vya rimoti kwa vidole gumba. Kumfundisha mtoto kwa rimoti moja ni kazi ya hasara, kwa kuwa kosa la sekunde mbili hutosha kuipeleka ndege ardhini, na kupokonyana rimoti huku ndege inaporomoka hakumwokoi yeyote. Kosa linalowapata karibu wote wanaoanza ni la upande: ndege inapokwenda mbali na mrushaji, kijiti kikisukumwa kulia nayo hupinda kulia kwake, lakini ikigeuka na kumjia usoni, kulia kwa ndege kunakuwa kushoto kwa aliyesimama, hivyo mtoto anayeiona ikielemea upande mmoja huirekebisha kinyume, na kadiri inavyozidi kulala ubavu ndivyo naye anavyozidi kukisukuma kijiti kilekile kule kule kulikoleta balaa.

Ndiyo maana walimu huziunganisha rimoti mbili kwa waya, au katika vifaa vya siku hizi kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, moja ikiwa ya mwalimu na nyingine ya mwanafunzi. Kwenye rimoti ya mwalimu kuna swichi yenye springi. Akiikandamiza na kuishikilia, vijiti vya mtoto ndivyo vinavyoiongoza ndege; akiiachia, springi huirudisha mahali pake, na papo hapo vijiti vya mtoto vinakuwa havina kazi. Mambo mawili katika mpango huu yanahitaji kutazamwa kwa makini kabla ya kuendelea. La kwanza ni kwamba hali ya msingi, ile inayokuwapo pasipo mtu kufanya lolote, ni ya ndege kuwa mikononi mwa mwalimu, na kwa hiyo uhuru wa mtoto hudumishwa kwa tendo la mwingine, sekunde baada ya sekunde, na kidole kikichoka uhuru umekwisha. La pili, ambalo mtazamaji wa kawaida halioni, ni kwamba katika mfumo wa waya rimoti ya mtoto kwa kawaida hairushi mawimbi yoyote hewani: amri zake hupita kwenye waya hadi rimoti ya mwalimu, na hiyo peke yake ndiyo yenye antena inayozungumza na ndege. Mtoto ndiye anayeamua ndege ipinde wapi, lakini hata uamuzi wake mbaya kabisa husafiri kwa betri na antena ya mwalimu wake.

Ngara si mahali rahisi pa kujifunzia mchezo huu. Wilaya inapakana na Rwanda na Burundi, na anayetaka kurusha chombo cha angani kisicho na rubani karibu na mipaka hiyo hana budi kupita kwanza ofisini, kwa kuwa tangu mwaka 2018 Tanzania ina kanuni maalumu za vyombo hivyo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hata hewa yenyewe ina madai yake: kwenye vilima vinavyokaribia mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, uzito wa hewa hupungua kwa kiasi cha asilimia 16 ukilinganisha na wa pwani, na ndege ileile iliyoruka vizuri Tanga itahitaji mwendo ulioongezeka kwa karibu sehemu moja ya kumi ili mabawa yake yaibebe. Chombo cha angani kilichosikika zaidi katika Kanda ya Ziwa hakikuwa hata cha mchezo: ni ile ndege isiyo na rubani iliyojaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, mradi uliotangazwa mwaka 2018 na DHL, kampuni ya Wingcopter na shirika la Kijerumani la GIZ, ambayo ilikwenda kilomita 60 kwa takriban dakika 40 ikijiongoza yenyewe kwa kompyuta.

Hata hivyo, mpango wenyewe, yaani wa mikono miwili juu ya chombo kimoja, unajulikana sana katika wilaya hizo, kwa vyombo vingine. Mtoto anayejifunza baiskeli ya mtu mzima, akipitisha mguu chini ya bomba kwa sababu hafikii kiti, hukimbiliwa nyuma na kaka yake aliyeshika keria. Anayejifunza pikipiki huwa na mwalimu ameketi nyuma yake, mikono ikiwa tayari kupita mabegani kufuata klachi na breki. Na gari la chuo cha udereva lina pedali ya breki ya pili upande wa mkufunzi. Namna hizi hazifanani, na tofauti zake si ndogo kwa mwenye kutafuta mfano wa uangalizi wa Mungu. Pedali ya mkufunzi husimamisha tu, haiwezi kukata kona wala kuchagua njia, ilhali mkono ulioshika keria husaidia mizani bila kugusa usukani kamwe. Rimoti ya mwalimu peke yake ndiyo inayoweza kuchukua kila kitu, na kukirudisha chote.

Historia ya kufundisha kwa mikono miwili ina sura moja ambayo haifai kupitwa. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia marubani wengi wa Uingereza walikufa wakiwa bado mafunzoni, hawajamwona adui. Mwaka 1917, yaani mwaka mmoja baada ya majeshi ya Wabelgiji kuitwaa Biharamulo kutoka kwa Wajerumani, ofisa aitwaye Robert Smith-Barry alianzisha huko Gosport, kusini mwa Uingereza, utaratibu wa mwalimu na mwanafunzi kuketi katika ndege moja aina ya Avro 504 yenye vifaa viwili vya kuongozea, wakisemezana kwa bomba la mpira. Vifaa vya namna mbili vilikuwa vimekwisha kuwapo kabla yake, lakini vilitumiwa kumwepusha mwanafunzi na hatari, au mwalimu hakuviachia kamwe. Smith-Barry alivitumia kumpeleka mwanafunzi ndani ya hatari: ndege iliachwa ijizungushe na kuporomoka, ikiwa juu vya kutosha, ili mwanafunzi aitoe mwenyewe katika mporomoko huo na ajue kwa nini ilianguka. Mkono wa pili haukuwepo ili hatari isitokee, ulikuwepo ili iweze kukaribishwa.

Wanazuoni wa Kiislamu wa karne za mwanzo wangeielewa rimoti hii upesi, kwa maana walikuwa wamekwisha kugawanyika juu ya nyaya zake. Wale waliofuata itikadi ya jabr, yaani kwamba mwanadamu hushurutishwa katika kila tendo, walimfanya kuwa kama mtoto aliyepewa rimoti isiyounganishwa na chochote, anayesukuma vijiti huku mwalimu ndiye anayerusha, na anayefurahi ndege ikipinda alikotaka kwa sababu tu matakwa yake yamekutana na ya mwingine. Muutazila, waliostawi Basra na Baghdad, walikataa hilo kwa ajili ya haki ya Mungu: haiwezekani, walisema, Mwenye haki amwadhibu mtu kwa tendo ambalo si lake, kwa hiyo mwanadamu ndiye muumba wa matendo yake, na hapo waya umekatwa na mtoto amebaki na ndege yake. Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki karibu mwaka 936 baada ya kuwaacha Muutazila aliokuwa miongoni mwao, alitafuta njia ya tatu kwa fundisho la kasb, maana yake uchumi au upataji: Mungu huliumba tendo, na mja hulichuma, likawa lake kwa kuhesabiwa ingawa si lake kwa kuumbwa. Uislamu uliopanda bara kwa njia za misafara kutoka pwani uliibeba kwa kiasi kikubwa itikadi hii ya Ash'ari pamoja na fikihi ya Shafii, na mtoto wa madrasa anayefundishwa kwamba kheri na shari hutoka kwa Mungu, kisha akachapwa kwa kutokuhifadhi somo lake, amekutana na kasb kabla hajalijua jina lake.

Wapinzani wa kasb wameilaumu daima kwamba haieleweki, kwamba ni neno lililowekwa mahali palipokosa maelezo. Lawama hiyo ina uzito, lakini rimoti isiyo na antena inaonyesha kwamba wazo lenyewe si upuuzi. Amri ya mtoto ni ya mtoto, nguvu yote inayoifikisha ni ya mwalimu, na hakuna mahali ambapo mtu anaweza kukata tendo hilo vipande viwili na kusema hiki ni cha huyu na kile ni cha yule. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13 ambaye mafundisho yake yameshika nafasi kubwa katika malezi ya mapadri, wakiwamo wanaohudumu katika Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, alilisema jambo lililo karibu na hilo kwa mfano wa mtu anayechechemea: mwendo wote katika kuchechemea hutoka katika nguvu ya kutembea, lakini upogo wake hutoka katika mguu uliopinda, na kwa hiyo Mungu ni sababu ya yote yaliyo tendo ndani ya dhambi bila kuwa sababu ya upogo wake. Kwa Thomas, Mungu na kiumbe hawagawani tendo kama watu wawili wanaobeba gogo. Lote ni la Mungu kama sababu ya kwanza, na lote ni la kiumbe kama sababu ya pili. Hapa antena inamfuata Thomas, ila swichi haimfuati. Swichi hupokezana: sasa mtoto, sasa mwalimu, na mmoja akiwa nayo mwenzake hana. Mungu wa swichi ni mrushaji wa pili aliye na ujuzi mkubwa kuliko wa kwanza, na tofauti hii kati ya antena na swichi ndiyo itakayoamua mambo mbele.

Kabla ya hapo kuna hoja ya kuondoa njiani. Yapo maoni, tena yanayosikika ya busara, kwamba mtoto aliyetua ndege yake salama chini ya kidole cha mwalimu hakutua kwa kweli, kwa kuwa ndege isingeweza kuanguka. Mwaka 1969 mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, aliwataka wasomaji wake wamfikirie mtu anayeamua jambo kwa sababu zake mwenyewe, huku mwingine amejificha akiwa na uwezo wa kumlazimisha endapo angeelekea kuamua vingine. Kwa kuwa hakuelekea kuamua vingine, aliyejificha hakuinua hata mkono. Mtu huyo hakuwa na njia nyingine, alisema Frankfurt, na bado tendo ni lake, kwa lawama au kwa sifa. Mwalimu wa rimoti ni yule mwenye kujificha, ila hajajificha. Ikiwa mtoto ameipunguza kasi kwa wakati wake, akainyoosha pua ya ndege karibu na majani, ikagusa na kusimama, basi kutua huko kulifanywa na vidole vyake, na kidole cha mwalimu kilichokuwa tayari kuachia swichi hakikuongeza wala kupunguza kitu katika tendo hilo. Uwezo wa kuingilia si uingiliaji. Wanaodhani kwamba Mungu muweza wa yote hana budi kuwanyima viumbe uhuru kwa kule kuweza tu, wamechanganya mambo hayo mawili.

Kinachoharibu uhuru wa mtoto ni kitu kingine, nacho ni mwalimu kuichukua ndege kimyakimya. Nafasi ya kufanya hivyo ni kubwa, kwa sababu macho ya mtoto yako juu angani na hayako kwenye swichi. Katika mita mbili za mwisho kabla ya kutua, ndege ikiwa inashuka kwa pua, mwalimu mwenye huruma anaweza kuachia swichi, akainyoosha, na kuikandamiza tena pindi magurudumu yanapogusa ardhi, na mtoto akaruka kwa furaha akiamini kwamba ni yeye. Vidole vyake vimejifunza uongo. Amevuta kijiti kwa kuchelewa na ndege ikatua. Siku atakayokuwa peke yake atakivuta kwa kuchelewa vilevile. Marubani wa ndege kubwa hulikinga jambo hili kwa desturi isiyo na mzaha, ya kila mmoja kutamka kwa sauti kwamba anaachia au anachukua, na mwenzake kuitikia, hata pasiwe na dakika ambayo ndege ina wenyewe wawili au haina mwenyewe.

Kuna ufundi mdogo unaolikoleza jambo hili. Kabla ya kurusha, mwalimu hulinganisha rimoti mbili, ili vijiti vikiwa katikati katika moja viwe na maana ileile katika nyingine. Asipofanya hivyo, ndege hushtuka kila inapobadilisha mikono, hujiinua au huzama ghafla, na mtoto hujua kwamba imechukuliwa hata kama hakuambiwa. Zikilinganishwa vyema kabisa, mshtuko unatoweka. Maana yake ni kwamba kadiri muunganiko unavyokuwa kamili ndivyo kuchukuliwa kunavyokosa alama, na ndivyo sauti ya mwalimu inavyokuwa njia pekee ya mtoto kujua ukweli. Dini zote mbili zinakiri kwamba muunganiko wa Mungu na viumbe vyake ni kamili. Kwa hiyo hakuna kipimo kitakachoweza kuonyesha, katika mwendo wa mambo yenyewe, mahali ambapo mkono mwingine umeingia: aliyenusurika ajalini husema Mungu amemwokoa, jirani yake husema dereva alikata kona vizuri, na ndege haikushtuka ili kumpa ushahidi mmoja wao. Mtu anaweza kuishi na hali hiyo kwa amani, mradi mambo yanakwenda vyema au yanakwenda vibaya kwa kiasi.

Mwaka 1994 hayakwenda vibaya kwa kiasi. Katikati ya mwezi Aprili, huko Nyarubuye, mashariki mwa Rwanda na si mbali na mpaka wa Ngara, maelfu ya watu waliokuwa wamekimbilia kanisani waliuawa humo na katika viwanja vyake. Mto Kagera ukabeba maiti kupita Rusumo na kuendelea hadi Ziwa Viktoria, ambako wananchi wa Uganda waliziopoa na kuzizika. Kisha tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa takriban saa 24, watu wanaokisiwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Kabla mwaka haujakwisha wakimbizi walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Wengi wao hawakuwa wale waliokuwa wakiwindwa kanisani, na baadhi yao walikuwa wawindaji. Mmoja wa wawindaji hao, Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa komuni ya Rusumo, alivuka pia akaishi Tanzania kama mkimbizi, na baadaye mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ikamtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, na rufaa ya mwaka 2006 ikamwongezea adhabu ikawa kifungo cha maisha.

Kukiweka kidege cha povu kando ya Nyarubuye kunaweza kuonekana kuwa ni kukosa adabu kwa wafu, na ingekuwa hivyo kama lengo lingekuwa kulieleza tukio lile kwa mchezo. Lengo ni kinyume chake, yaani kuonyesha kwamba mfano wa swichi, ambao mahubiri mengi huutumia bila kuutaja, hauwezi kufika huko. Mwalimu mwema huichukua ndege kabla haijagusa ardhi. Hakuna mwalimu anayesifiwa kwa kuheshimu uhuru wa mwanafunzi hadi chombo kimewaangukia watu waliosimama uwanjani, tena watu ambao hawakuwa wakijifunza lolote. Anayesema kwamba Mungu alikuwa ameshika swichi na hakuiachia ili kulinda uhuru wa wauaji, amesema kwamba uhuru wa Gacumbitsi ulikuwa na thamani kuliko watoto wa Nyarubuye, na ni vigumu kumwona Muislamu au Mkristo aliyefikiri vizuri akitaka kuitetea hesabu hiyo. Anayesema kwamba Mungu aliiachia mahali pengine, kwa wale walionusurika, ana deni la kueleza kwa nini pale na si hapa. Mahakama ya Arusha ilifanya lililo ndani ya uwezo wa binadamu: ilikataa kuusogeza uzito wa tendo kutoka kwa mtendaji, wala haikuhitaji kuuliza ni nani mwingine aliyeweza kuingilia, ingawa swali hilo lingewafaa walimwengu wengi waliokuwa na majeshi na ndege za kweli.

Rwanda ina msemo unaojulikana hata ng'ambo ya mto, usemao kwamba Imana, yaani Mungu, hushinda kwingine mchana kutwa na kurudi Rwanda kulala. Baada ya mwaka 1994 wapo waliouliza kama usiku ule alirudi. Wamisionari na wanaanthropolojia walioandika juu ya Rwanda na Burundi katikati ya karne ya 20 walieleza pia desturi ya mwanamke kuacha maji kidogo chunguni usiku, ili Imana ayapate anapofinyanga mtoto tumboni. Desturi hiyo inamfahamu Mungu kwa namna iliyo mbali na swichi: Imana wa chungu cha maji hafuatilii makosa ya mtu ili aingilie, yumo katika kule kuwapo kwenyewe, katika kufanyika kwa kiumbe, na kazi yake haionekani kwa sababu haijatengana na kazi ya mwili. Huo ni upande wa antena. Kwa maoni ya insha hii, uangalizi wa Mungu ukifikiriwa kama swichi hauponi baada ya Rusumo, na ukifikiriwa kama nguvu inayobeba kila tendo, jema na baya, bila kupokezana na mtendaji, unabaki kuwa mgumu lakini hauwi wa aibu. Ugumu unaobaki ni mkubwa, kwa kuwa antena iliyobeba amri ya wauaji ilikuwa ya nani? Thomas angejibu kwa mguu uliopinda. Jibu hilo linatenganisha asili ya nguvu na asili ya upogo, nalo latosha darasani. Aliyepoteza jamaa zake hawezi kudaiwa aridhike nalo, na kitabu cha Ayubu, ambacho Wakristo wa Ngara wanacho na ambacho mhusika wake Waislamu wanamjua kwa jina la nabii Ayubu, hakimdai hivyo.

Irenei, askofu wa Lyon katika karne ya pili, alifundisha kwamba mwanadamu aliumbwa akiwa mchanga na alikusudiwa kukua, na wengi wamejaribu kuyafafanua mateso kwa kusema kwamba dunia ni uwanja wa mafunzo. Kwa Smith-Barry maneno hayo yalikuwa na sharti moja lililo wazi, nalo ni kimo. Walimu wa ndege za rimoti nao hushikilia kwamba mwanafunzi arushe juu vya kutosha ili, akikosea mara ya kwanza na akakosea tena katika kurekebisha, bado pabaki nafasi chini yake. Karibu huruma yote ya mwalimu imo katika matayarisho haya, ambayo hufanyika kabla ya kosa: asubuhi isiyo na upepo, uwanja usio na watu, ndege ya povu ambayo ikivunjika hugundishwa kwa gundi, na kimo. Swichi huja mwisho, kwa yale ambayo matayarisho hayakuyafikia. Ikiwa dunia ni uwanja wa mafunzo, basi kuna waliowekwa chini mno tangu mwanzo, na hoja ya Irenei haiwafikii.

Kwa mzazi, hata hivyo, mambo ni mepesi zaidi, na mepesi kwa sababu ambayo mara nyingi husahauliwa. Muumini hasemi kwamba siku moja ataondolewa waya. Thomas na al-Ash'ari, wasiokubaliana katika mengi, wanakubaliana kwamba kiumbe kikiachwa na Muumba wake kwa nukta moja hakiwi huru, hutoweka. Waya wa mzazi upo ili uondolewe. Julius Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilaumu shule zilizowatenga vijana na kazi za jamii yao na kuwalea katika kusubiri, na ingawa alikuwa Mkatoliki wa sala za kila siku hakuona mgongano wowote kati ya kumtegemea Mungu daima na kuacha kumtegemea mwalimu. Baba wa Ngara anayemwekea mwanawe wa miaka 20 masharti ya mtoto wa miaka 10, achague yeye kazi, mchumba na shamba la kulima, kisha aseme kwamba anafanya kama Mungu afanyavyo, amejipa nafasi isiyo yake, kwani yeye si antena ya mwanawe. Kijana huyo ana yake, na tangu alipozaliwa haikutoka kwa baba. Alichonacho baba ni swichi peke yake, tena yenye muda. Mwanafunzi wa rimoti anapofikia kurusha peke yake, mwalimu huchomoa waya, huiweka rimoti ya pili kwenye boksi, na husimama kando akiwa na sauti tu, ambayo kijana anaweza kuifuata, kuibishia, au kutoisikia kwa sababu ya upepo.